Herufi Iliyomezwa

Nilikuwa mtu wa lenzi.
Miaka kumi na sita katika karakana ya uani, mjini Łódź,
nashika kioo kwa ncha za vidole, nakisikiliza,
jiwe likilamba ukingo, maji yakichuruzika meupe kama uji mwepesi.
Kosa la unene wa unywele,
na bibi wa watu anakosea ngazi.

Kisha ikaja mashine, kubwa kama jokofu,
haikohoi, haiombi likizo,
na meneja, Bwana Wieczorek, akatununulia keki.
Ukiona keki kazini na hakuna aliyezaliwa siku hiyo,
funga virago.

Tangazo nililiona saa tisa usiku:
mafunzo ya miezi mitatu, programu huria,
posho ipo, umri hauulizwi.
Hilo la mwisho nililisoma mara nne.
Binti yangu Jagna akafumbua jicho moja:
"Mama, hiyo huria unaijua?"
Nikasema, ni chungu ambacho kila mpita njia
anaruhusiwa kukifunua.
"Na kutia chumvi?"
Na kutia chumvi,
wapishi wakikubali.

Wapishi hawakukubali.

Nilipewa programu inayowasomea vipofu
yaliyoandikwa kwenye skrini.
Ilisoma vizuri, sauti ya mtangazaji aliyekunywa asali,
hadi ilipofika jina la mji wangu.
Hapo ilimeza herufi ya kwanza, nzimanzima,
ikatema mabaki.
Jina lenye maana ya mashua,
mji ambao mito yake imefukiwa chini ya lami,
na sasa hata herufi yake imezama.

Hili nalitengeneza mimi, nikasema.
Kwa jeuri. Mwanagenzi wa miaka arobaini na mitatu.

Wiki ya kwanza sikutengeneza chochote.
Wiki ya pili niliharibu Kicheki.
Anselmo, mlezi wangu, yuko Montevideo,
mimi nikila chakula cha mchana yeye ndiyo kwanza anaamka,
na majibu yake ni mafupi kama risiti:
*Bado. Umetibu kidole, ugonjwa uko begani.*
Nililia bafuni, bomba likiwa wazi, Jagna asisikie.
Alisikia. Alisukuma chini ya mlango
kipande cha chokoleti kwenye karatasi ya hesabu.

Nikarudi kwenye nilichokijua.
Nikazima muziki. Nikashika mstari mmoja mmoja wa msimbo
kama nilivyoshika kioo, dhidi ya mwanga,
naugeuza, nautafuta unywele.
Siku ya thelathini na nane niliuona:
jedwali la herufi, safu moja imeruka,
mtu fulani, miaka kumi na moja nyuma,
alihesabu kuanzia moja mahali pa sifuri.
Hakuwa mjinga. Alikuwa amechoka.
Nilimjua uchovu wake kama ninavyojua wangu.

Anselmo aliandika: *Imepokelewa.*
Halafu, baada ya saa nzima:
*Mimi nilikuwa muuza nyama. Usiwaambie wengine.*

Miezi mitatu imekwisha. Kazi sijapata.
Nimeitwa usaili mara mbili; kijana mwenye pete puani
aliniuliza ninajiona wapi baada ya miaka mitano.
Nikasema, nikiwa na miaka arobaini na minane.
Posho ililipa kodi na meno ya Jagna.

Jumapili nilimpelekea Bibi Kazimiera programu yangu.
Lenzi zake nilizisugua mimi, mwaka hadi mwaka,
kila mara nene zaidi,
hadi siku kioo kilipokosa la kumsaidia.
Nikamvalisha vipokea sauti. Nikabonyeza.
Jina la mji likatoka kamili, herufi ya kwanza ikiwa mbele.

Hakutoa chozi. Alikunja uso.
"Ina haraka mno," akasema.
"Inaongea kama mtu anayedaiwa."

Nikavuta kiti.
Nikaomba chai.
Nikaandika: hitilafu mpya.